Majani ya Daraja la Kwanza

Naambiwa siku hizi chakula cha mnyama kinasomwa. Juzi nilipita kwenye duka la vyakula vya mifugo hapa Tabora, na kijana wa pale akaniinulia gunia la pumba, akanionyesha tarehe iliyopigwa ubavuni, akanieleza kwa upole mkubwa kwamba bado muda wake haujaisha. Nikamwomba anifungulie. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikakuta ndani kuna joto la uji ulioachwa upoe. Nikamwambia, mjukuu wangu, kwenye gunia muda haujaisha, ila kwenye pumba umeisha. Akasoma tena ile tarehe, labda akidhani imebadilika wakati tunazungumza.

Ndiyo maana nakaa hapa kuwaandikia ninyi mnaofuga punda, na wale wachache wenu wenye uwezo wa kufuga farasi, maana hao wawili tumbo lao ni moja. Nimetunza ghala la chakula cha punda tangu miaka ya vijiji vya ujamaa mpaka nilipostaafu. Pua yangu bado nzima. Mkono wangu pia.

Kazi hii sikuiomba. Nilichaguliwa kwa sababu sikuwepo. Enzi zile mkutano wa kijiji ulikuwa na desturi hiyo: aliyekosa kuhudhuria alirudi akakuta amepewa cheo. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi na ndoo kichwani, watoto wakanipokea wakiniita Mama Ghala, na hivyo ndivyo ninavyoitwa mpaka leo na watu wasiojua kwamba jina langu la haki ni Mama Mhoja.

Hayo maji niwaeleze, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Kijiji chetu kilikuwa pembeni ya njia ya kutoka Urambo kwenda Usinge. Kabla ya ujamaa kila mtu alikaa kwake, karibu na maji yake. Kisha tukakusanywa, tukapangwa nyumba kwa mistari iliyonyooka vizuri sana, na tulipokwisha kunyooka ndipo ikagundulika kwamba mistari ile iko mbali na maji. Kisima kilikuwa chini mbugani, kwenye bonde la majani. Wanawake tulitoka alfajiri, tukarudi jua limeshaanza kuuma. Utosini nilikuwa na kipara cha ukubwa wa kisahani cha chai, pale inapokaa ngata, ile nguo unayoiviringisha chini ya ndoo. Wanaume hawakuwa na kipara hicho. Wao walikuwa na mikutano.

Basi tulipoletewa punda wanne na mkokoteni wa mapipa, wenzangu wote waliona punda. Mimi niliona nywele zangu zinarudi. Kwa hiyo nikiwaambia hapa chini kwamba chakula cha punda kiliharibika, msije mkadhani nazungumzia majani. Nazungumzia kichwa changu, na kichwa cha kila mwanamke wa kijiji kile.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Feruzi, mchungaji wa punda wale, aliyetoka Kwihara. Ukoo wake, kwa maneno yake, ulikuwa ukitunza punda wa Waarabu tangu zama za misafara. Babu yake alibeba jino la tembo kutoka Ujiji mpaka pwani bila kulitua, hata kwa haja ndogo. Kila alipoisimulia habari hiyo jino lilizidi kuwa zito, na mara ya mwisho nilipoisikia babu alikuwa amebeba mawili. Alikuwa mvivu, mwenye majivuno, na mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko zizi lake. Lakini punda walimpenda, na mimi nilijifunza kwake kila kitu, pamoja na matusi.

Ndiye aliyewapa punda majina. Wawili vijana wenye nguvu aliwaita Uhuru na Kazi. Mwenyekiti wa kijiji alipomsikia anamfokea Uhuru na kumtandika fimbo mbele ya ofisi, akamwita na kumkanya. Majina yakafutwa rasmi, wanyama wakawa wa kwanza na wa pili. Sisi tukaendelea kuwaita Uhuru na Kazi kwa sauti ya chini. Wale wawili wazee, mmoja kilema kidogo na mwingine asiye na meno ya maana, hakuna aliyejali wanaitwaje, kwa hiyo hao walibaki na majina yao, Bibi Harusi na Shemeji.

Somo la kwanza la Mzee Feruzi lilikuwa mkono. Alinisimamisha mbele ya lundo la majani makavu akaniuliza naonaje. Nikainama kunusa. Akanipiga kofi la mgongo. Mkono kwanza, alisema, pua inadanganyika. Ingiza mkono katikati ya lundo, siyo pembeni, maana pembeni kila lundo ni zuri. Ukikuta ubaridi, endelea. Ukikuta joto, toa mkono na ufikiri. Ukikuta joto na unyevu, usifikiri tena.

Baada ya mkono, sikio. Majani yaliyokauka sawasawa yanalia ukiyakunja, yanakatika, na bado yana ukijani ndani yake. Majani yanayokunjika kimyakimya kama kitambaa yana maji ambayo hayajakwambia. Kisha unachukua konzi, unasimama mlangoni kwenye mwanga, unatikisa. Vumbi la udongo linaanguka miguuni pako. Vumbi la ukungu halianguki, linaelea, linakuingia kooni likakukereketa. Ukikohoa wewe, punda asile. Mwisho kabisa, ndipo pua.

Kwa pumba na mahindi yaliyovunjika ni hivyohivyo, ila hapo unatafuta mabonge. Pumba nzima inapita katikati ya vidole. Ikishikana, vunja bonge utazame ndani: ukiona weupe, ukijani wa ugoro, au ule uwaridi unaopendeza macho, usiseme utachambua upande mzuri. Upande mzuri haupo. Wala usiianike juani ukadhani umeitibu. Jua linaua ukungu, lakini sumu yake inabaki imekauka tu, na sumu kavu ni nyepesi kumeza.

Na kwa nini uhangaike hivyo kwa punda wakati ng'ombe anakula hata gazeti? Mzee Feruzi alinieleza hivi: ng'ombe ana matumbo manne, anaweza kujaribia la kwanza. Punda ana moja, na hatapiki. Kilichoingia kwa mlango wa mbele kinabidi kipite nyumba nzima.

Msifikiri mzee yule hakukosea. Wakati mmoja fukusi waliingia kwenye mahindi ya punda, akaamua kuwafukiza kwa moshi kama babu yake alivyokuwa akifanya. Akawasha moto chini ya dungu, kile kichanja cha kuwekea chakula. Fukusi waliondoka, na paa la ghala nalo likaondoka. Tulipomfuata na makopo ya maji alikuwa amekaa pembeni akisema paa lile lilikuwa limechakaa, amekiokolea kijiji kazi ya kulibomoa. Tangu hapo niliyachuja maneno yake: ya mkono niliyashika, ya babu niliyaacha yapite.

Na si yeye peke yake aliyenifunza. Nilipokuwa nikitumwa Tabora mjini kuchukua chumvi ya mifugo, nilikuwa nafikia dukani kwa Mzee Jivan, mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na paka mnene kuliko wote mjini. Siku moja alinikuta naegemeza magunia ukutani mwa stoo yake wakati nasubiri gari. Hakunifokea. Alichukua mkono wangu akaugandamiza kwenye ukuta, ukarudi umelowa. "Mama," akaniambia, "ukuta unakunywa mvua, halafu unamnywesha gunia." Kwake magunia yalikaa juu ya mbao, mbali na ukuta, na katikati yake palikuwa na njia ya kupita paka. Nikarudi kijijini nikapanga ghala langu hivyohivyo, ila paka niliyempata alikuwa mwoga wa panya.

Sasa nije kwa mume wangu.

Baba Mhoja alikuwa mkulima wa tumbaku, na hapa sitanii: yule mtu alikuwa na pua. Ungemfunga macho ukamwekea jani mkononi, angekwambia limetoka chini ya mche au juu, limekaushwa na kuni kavu au mbichi, na bani la kukaushia lilikuwa na nyufa au halikuwa. Wakulima walitoka vijiji vya mbali kumletea majani yao ayatazame kabla ya kuyapeleka sokoni. Alilishika jani, akalivuta polepole kati ya vidole, akalipeleka puani, akafumba macho, kisha akatamka daraja. Hakuna aliyebisha. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na nikiri kwamba hata mimi nilipenda kusimama pale nikitazamwa kama mke wa pua ile.

Pua hiyohiyo ilikaribia kunirudisha chini ya ndoo.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, ilisemekana kuna mgeni mkubwa anakuja kutazama maendeleo ya kijiji. Punda na mkokoteni vilikuwa ndiyo maendeleo yetu ya kuonyesha. Mwenyekiti akaona haipendezi punda wa maendeleo kuwa na chakula kidogo. Mimi na Mzee Feruzi tulikuwa tumekwisha kukata majani mapema, tukayaanika, tukayageuza, tukayapanga juu ya dungu, yakiwa ya kijani na yanalia vizuri. Lakini lundo letu lilikuwa dogo. Kijiji kizima kikaitwa kwenye kazi ya pamoja, tukashuka mbugani na mapanga, tukakata majani mpaka magotini kumelowa. Mzee Feruzi akaomba yaachwe juani kwanza. Mwenyekiti akasema mgeni hawezi kuja kuonyeshwa jua linavyokausha. Majani yakabebwa vilevile, yakashindiliwa ndani ya bani la tumbaku lililokuwa tupu, na magunia ya pumba yakapangwa juu yake mpaka karibu na paa.

Bani mnalijua: nyumba ndefu ya matofali, haina dirisha, imejengwa ili joto lisitoke. Kwa tumbaku ni sawa. Kwa majani mabichi ni kama kuyaingiza chunguni na kufunika.

Mgeni hakuja. Alipita barabarani, tukaliona vumbi la gari lake.

Majani yakabaki bani. Siku zikapita, kamati ya kijiji ikaenda kukagua, mimi na Mzee Feruzi tukaifuata. Mlango ulipofunguliwa ikatoka harufu tamu, nzito, ya mkate na asali. Nikaingiza mkono kwenye lundo nikautoa haraka. Ndani kulikuwa kunaungua. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, laini, yanakunjika bila sauti. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinanipigia kelele.

Nikageuka nikamwona mume wangu, aliyekuja na kamati. Alikuwa ameshika jani moja la mbugani, analivuta polepole kati ya vidole. Halikukatika. Akalipeleka puani. Akafumba macho.

"Daraja la kwanza," akasema.

Kamati nzima ikaguna kwa kuridhika. Mnaelewa kilichotokea? Kila mtu pale alikuwa mkulima wa tumbaku. Kwa maisha yao yote, jani jema lilikuwa ni lile la kahawia, laini, lenye harufu tamu. Jani la kijani linalovunjika ni lile lililokataliwa sokoni likakuaibisha mbele ya wenzako. Si wajinga, msije mkawacheka kwa hilo. Walikuwa mafundi hasa. Walichokifanya ni kupima chakula cha punda kama vile punda anakuja kukivuta.

Nikasema kuna joto ndani. Baba Mhoja akanijibu mbele ya watu, kwa sauti ya kumfundisha mkewe, kwamba joto ndiyo kuiva kwenyewe. Mzee Feruzi akashindwa kujizuia. Akawaambia pua zao zimekufa kwa ugoro, na kama majani yale ni daraja la kwanza basi wayasokote wayavute wao, punda hawana kiberiti. Alikuwa amesema kweli, na aliisema kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake hawezi kuikubali. Papo hapo akapigwa marufuku kusema mkutanoni. Akaruhusiwa kunyoosha mkono tu.

Hata hivyo wasiwasi kidogo ulikuwa umeingia, kwa hiyo kamati ikaamua kufanya majaribio. Akaletwa maksai wa kulimia, akapewa sinia la majani ya bani na pumba zake. Akala, akalamba pua, akatazama kama kuna mengine. Wakamchunguza kwa kumtazama sana. Maksai hakufa. Nikasema ng'ombe si punda, ana matumbo manne. Mwenyekiti akasema hilo ni suala la idadi tu. Mikono ikanyooshwa, chakula kikapitishwa bila kupingwa, ukiacha mkono wa Mzee Feruzi ambao haukuhesabiwa kwa utovu wa nidhamu.

Kisha wakagawa madaraja. Chakula cha bani, daraja la kwanza, kiwe cha Uhuru na Kazi, punda wenye nguvu, nacho kitolewe na kamati yenyewe, ufunguo ukae kwa kamati. Majani yetu ya kijani ya kwenye dungu yakaitwa daraja la mwisho. Nikaachiwa mimi niwape Bibi Harusi na Shemeji, na yanayobaki yawe ya kulalia. Nikachukua majani yangu yaliyokataliwa nikaenda zangu.

Nyumbani nilijaribu tena. Tulikuwa tunakula ugali na mlenda, nikamwambia Baba Mhoja kwamba punda wale wakifa, ni mimi nitakayerudi mbugani na ndoo. Akanijibu kwamba yeye alianza kutofautisha majani kabla mimi sijajua kusonga. Nikamwambia ni kweli, lakini hakuwahi kumlisha mtu tumbaku. Akaomba mboga iongezwe.

Uhuru ndiye aliyeanza. Asubuhi moja alikataa kula, akaenda kwenye ukuta wa zizi akauegemeza uso wake pale, akawa anausukuma, kana kwamba ukuta ule ukihama kidogo tu yeye atapona. Tulipomtoa akawa anazunguka. Anazunguka mahali pamoja, kulia, kulia, kulia. Watu waliokuwa wakipita wakacheka wakasema amekunywa pombe ya asali. Kazi yeye aliacha kuona. Alifungwa kwenye mkokoteni akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mti, akasimama ameukumbatia.

Uhuru alianguka mchana, kila mtu akiwa amekwisha kutoka shambani. Mzee Feruzi akakaa chini, akakiweka kile kichwa kikubwa mapajani mwake, akawa anakipangusa mate kwa kofia yake. Hakutukana. Hakumtaja babu yake. Sijawahi kumwona amenyamaza namna ile, na ukimya wake ndio ulioniliza. Nililia sana, siwafichi, na sikulia kwa ajili ya ndoo peke yake. Yule mnyama alikuwa amenibebea maji ya kuwaogeshea wanangu. Kazi alimfuata mwenzake baada ya muda si mrefu.

Mwenyekiti alikataza mtu yeyote kutangaza kwa jina ni nani amekufa.

Kamati ikakaa kutafuta sababu. Wakasema ni mbung'o. Nikauliza mbung'o gani huyo anayechagua vijana na kuwaacha wazee waliolala zizi lilelile. Mmoja akasema basi ni uchawi. Nikauliza mchawi gani anayefuata madaraja. Nilikwenda kwenye hori la Uhuru nikachukua bonge la pumba nikalivunja mbele yao. Ndani lilikuwa na weupe na uwaridi, zuri kama kitenge. Mume wangu akalinusa. Kisha akasema pumba zinaweza kuwa na kasoro, lakini majani yalikuwa ni majani.

Hapo ndipo palipoingia lile lililonichosha kabisa. Uhuru na Kazi wamekufa, maji hayaletwi, kina mama wameanza kunung'unika. Kamati ikaandaa pendekezo: Bibi Harusi na Shemeji wapandishwe daraja. Waachane na yale majani yao ya kijani, wapewe chakula cha bani, wapate nguvu za kuvuta mapipa. Mkutano wa kijiji uliitishwa ili kupitisha.

Siku ile wanawake hatukwenda mkutanoni mikono mitupu. Nilipita kwao nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Tulikaa mbele ya ofisi ya kijiji kwa mistari iliyonyooka, kama tulivyopangwa, na kila mmoja wetu akaweka ndoo tupu mbele ya miguu yake. Mwenyekiti akaziona ndoo, akafikiri tunakwenda kisimani baadaye. Akalisoma pendekezo. Mzee Feruzi, aliyekatazwa kusema, alikaa nyuma akitafuna midomo yake. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sipingi pendekezo," nikasema. "Naomba kuongeza neno moja. Mkono utakaonyooshwa kupitisha chakula hiki, mkono huohuo ubebe ndoo punda hawa wakifa. Ndoo hizi hapa. Tumewaletea."

Mume wangu alikuwa amekaa mbele pamoja na kamati, na mwanamke kusema vile mbele ya mumewe lilikuwa jambo la kurudishwa kwao. Mwenyekiti akatazama huku na huku. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akataka wanaoafiki wanyooshe mikono.

Mbele ya ofisi ile palikuwa na wanaume ambao mikono yao ilizoea kwenda juu hata kabla swali halijaisha. Walipitisha shamba, walipitisha mistari, walipitisha majani. Siku hiyo kila mkono ulikuwa na shughuli nyingine. Huyu anatafuta ugoro, yule anajifunga kamba ya kiatu wakati amevaa ndala. Mkono wa mume wangu ulianza kupanda. Niliuona. Ulifika usawa wa sikio, macho yake yakakutana na ndoo yangu, nao mkono ukaishia kukuna kichwa.

Wanaopinga, akauliza Mwenyekiti. Mzee Feruzi akanyoosha yote miwili.

Bibi Harusi na Shemeji waliendelea na majani ya daraja la mwisho. Walikuwa wanavuta pipa moja badala ya mawili, polepole, na sisi tukiwasukuma kwa nyuma penye mchanga, lakini maji yalifika na vichwa vyetu vikabaki bila ndoo. Majani ya bani tuliyatoa tukayatandaza juu ya vitalu vya miche ya tumbaku, na huko yalifaa sana. Baba Mhoja alipita akavikagua vitalu vyake, akasema mnaona. Tangu mwaka uliofuata kila jani lililoingia kwenye ghala la punda lilipita mkononi mwangu kwanza, siyo mkutanoni. Hakuna aliyepitisha uamuzi huo. Niliuanza tu, na watu wakaona ni afadhali.

Kwa hiyo, wajukuu zangu wenye tarehe na mizani, na wenye simu za kupigia picha gunia, sisemi mziache hizo. Tarehe someni. Lakini aliyeiandika hakujua gunia litaegemezwa ukuta gani, wala litanyeshewa wapi njiani. Fungua. Ingiza mkono mpaka katikati. Sikiliza, tikisa mlangoni, vunja bonge. Ukiwa na shaka, wewe uliye na mnyama asiyeweza kutapika, mwaga. Na ukimsikia fundi wa jambo jingine akisifu chakula cha mnyama wako, mwulize huwa anamlisha nani.

Nywele zilirudi, ila si zote. Pale katikati pamebaki laini mpaka leo, mkija nitawaonyesha. Mume wangu tuliishi naye vizuri mpaka uzee, na alikuwa mtu mwema, namkumbuka kila jioni. Lakini hakukubali kamwe. Hata alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, akija mgeni na mazungumzo yakafika kwenye punda, alijiinua kwa kiwiko akasema yale majani, watu waseme watakavyo, yalikuwa daraja la kwanza.

Nami kila aliposema hivyo, sikubishana naye. Nilikwenda uani nikamletea ndoo tupu, nikaiweka mbele ya macho yake.